Sekunde Kumi na Tisa

Langas, Eldoret
Tarehe 11, mwezi wa kwanza

Kwako Mama Waweru, rafiki yangu wa zamani na wa sasa,

Nakusalimu sana, na nikimaliza kukusalimu nakusalimu tena. Habari ya goti? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia na basi, ulipaka ama uliiweka kwa kabati pamoja na zile zingine? Habari ya Waweru na bibi yake, na wale wasichana watatu, na zaidi yule mdogo ambaye nitamfikia mbele. Habari ya ng'ombe, yule Safari, ameshazaa ama bado anakuzungusha? Habari ya jirani yako yule mwenye mbwa, mlishapatana? Baridi ya Ol Kalou siulizi, hiyo haina habari, hiyo ni baridi tu.

Sisi huku ni wazima. Mimi nimenona kidogo, wanasema ni chai yenye najipimia mwenyewe. Hoteli yangu iko pale pale karibu na kwa maji, mabati ni yale yale, ila nimeongeza benchi mbili. Byron wangu yuko Kitale anatengeneza simu za watu, hajaoa, na ukimuuliza anakuambia neti imepotea. Mvua ilitusumbua wakati wa kuvuna lakini mahindi ya kule Ziwa yamekauka, kwa hivyo unga hautatushinda.

Najua unacheka ukisema, huyu Kavetsa, barua? Kweli mimi niliacha shule darasa la nne, na huu mwandiko unaujua, ni kama kuku amepita. Hii ni siku ya tatu naandika na vidole vinaniuma. Lakini soma mpaka mwisho, utaona kwa nini sikukupigia simu na sikukutumia sauti. Na hizo salamu ndefu hapo juu usiziruke. Hizo ndizo zimeniokoa mwaka jana, nitakuambia vile.

Kwanza asante kwa viazi. Gunia lilifika kabla ya Krismasi, limeshonwa vizuri na ile kamba yako nyekundu. Nilipika, nikagawia watu, nikasema zimetoka kwa Mama Waweru, na wale wakongwe wa hapa wakauliza habari yako. Kila Desemba hujasahau. Mwaka ule wa Korona hata magari hayakuwa yanapita vizuri, na gunia likafika. Mimi ni mtu wa maneno mengi lakini hapo sina neno.

Na asante ile ingine, ile kubwa. Waweru aliponipigia ati mtoto wa tatu mmemwita Kavetsa, nilikaa chini kwa debe. Jina la Maragoli huko Ol Kalou, nani aliwahi kusikia? Akaniambia bila mimi yeye hangekuwa, na huyo mtoto pia hangekuwa, na ati mnataka nikuje Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili nimsimamie kanisani akibatizwa. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Halafu nikanyamaza. Ukanipigia mara mbili kuniuliza kama ni mgonjwa, maana Kavetsa kunyamaza wiki mbili ni ugonjwa. Sikuwa mgonjwa, Mama Waweru. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia. Sasa wacha nianzie hapa.

Mwaka jana tulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani, yule wetu alifariki. Wakasimama watu wawili, mmoja mwenyeji wa huku na mmoja wa sisi tuliokuja kutoka Western na Nyanza. Hiyo peke yake inatosha, unajua. Mtu mlikunywa na yeye chai jana, leo anakusalimia akiangalia pembeni.

Mimi maziwa ya hoteli naletewa na Kipyego na bibi yake, Chelimo. Wao ni wenyeji wa huku, wanatoka kule Ziwa mashambani kila asubuhi na pikap ya bluu, mitungi kumi na mbili, na mimi ndiye kituo cha kwanza. Miaka tisa sasa. Chelimo ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari anasema nzuri, amemaliza. Ndio maana tunapatana, yeye ananyamaza na mimi naongea pahali pake pia.

Kitu ingine ujue, mimi ndiye admini wa ile grupu ya WhatsApp ya akina mama wa Langas. Tuko mia mbili na kitu. Kwa sababu kuandika ni taabu, mimi hubonyeza kile kidude cha maiki na kuongea. Kuna mazishi, ni mimi. Mtoto amepotea, ni mimi. Maji yamefunguliwa, ni mimi. Watu wa hapa wanaijua sauti yangu kuliko ya pasta, na pasta mwenyewe analalamika.

Siku ya kura nilikaanga mandazi, nikaenda nikapiga yangu mapema, nikarudi na wino kwa kidole. Pikap haikuwa imefika. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nikawapea wateja strungi, chai bila maziwa, na wao wakaanza ati leo tunakunywa chai ya matanga, nani amekufa? Nikawaambia wangoje, Kipyego atakuwa amepata pancha.

Ndipo nikaona Chelimo anakuja kwa miguu. Amelowa maziwa kutoka kiuno kwenda chini, leso imeshikana na miguu, na kiatu ni kimoja. Hakuwa analia. Alisimama mbele ya jiko langu, akaniangalia kwa uso muda mrefu, halafu akaniuliza kama ni mimi. Nikamuuliza mimi nini. Akasema vijana wamesimamisha pikap pale kwa matuta, wanamwaga mtungi mmoja baada ya mwingine, Kipyego wamemshika shati, na wote wanasikiza sauti kwa simu. Na hiyo sauti ni yangu.

Kulikuwa na Jeconia hapo kwa benchi, yule wa boda, anakunywa strungi yake. Akatoa simu pole pole kama mtu anatoa mwiba. Kumbe hiyo sauti alikuwa nayo tangu asubuhi. Ndio maana alikuwa ananiangalia hivi hivi bila kuomba mandazi ya pili. Akabonyeza.

Mama Waweru, nikajisikia. Ni mimi. Hata ile kuvuta pumzi na pua kabla ya kuanza, ni yangu. Nasema ati akina mama amkeni, mitungi ya Kipyego leo haina maziwa, ina karatasi za kura zimeshatiwa alama, nimeziona na macho yangu, msiache hiyo pikap ipite. Basi, ikaisha. Nilishika mdomo wangu kuangalia kama umewahi kufunguka bila mimi kujua.

Nikaanza kuapa. Nikaapa kwa mama yangu, nikaapa kwa Byron, nikashika chini. Chelimo akaniambia niache kuapa, alishajua pale kwa matuta kwamba si mimi, amekuja tu kuniangalia uso ili awe na uhakika. Nikamuuliza amejuaje na mimi mwenyewe nimeshindwa kujua. Akasema, na hiyo ndiyo hotuba ndefu nimewahi kusikia kwake, akasema hiyo kitu haikusalimia mtu. Ati miaka tisa hajawahi kunisikia nikianza neno kabla sijauliza habari ya mama mkwe wake, na ndama, na mvua ya Ziwa, na mgongo wa Kipyego. Ati hiyo ni koo ya Mama Byron lakini ndani hakuna Mama Byron.

Na mimi hizo salamu nimetukaniwa maisha yangu yote. Marehemu Baba Byron alikuwa anasema nikifika mbinguni, foleni yote itasimama nikiuliza malaika habari ya kwao.

Jeconia akatubeba sisi wawili kwa boda moja, tumepangwa kama mishikaki, nikaacha jiko linawaka na hoteli haina mtu. Pale kwa matuta barabara ilikuwa nyeupe. Mbwa wanalamba lami. Mitungi saba imelala ubavu, na Kipyego amekaa chini kando ya tairi, shati halina kifungo, ameweka mikono kwa kichwa. Walikuwa kama watu hamsini, na mmoja wao ameshika chupa ya petroli. Hakuwa anaificha. Ameishika tu kama mtu ameshika soda. Na ujue mitungi saba walishamwaga na hawakupata hata karatasi ya kufungia chumvi, lakini wakasema basi ziko kwa ile mitano imebaki.

Nikapenya mpaka katikati, nikapanda juu ya mtungi mmoja. Nikawaambia mimi ndiye Mama Byron, niko hapa, sijasema hiyo maneno. Mmoja akasema nimehongwa. Mwingine akasema mama usituchezee, sauti yako tunaijua, umetuzikia watu na hiyo sauti. Na mwingine nyuma kule, kijana mmoja mjuaji, akasema siku hizi hata mtu mzima anatengenezwa na kompyuta, labda huyu amesimama hapa si yeye. Nikamwambia aje anipige kofi tuone kama mkono utapita. Watu wawili watatu wakacheka, na hapo nikaona njia.

Nikawaambia wacheze hiyo sauti tena, lakini safari hii waangalie ni ya muda gani. Wakaangalia. Sekunde kumi na tisa. Nikawauliza, nyinyi mama zenu na bibi zenu wako kwa grupu yangu, ni nani hapa amewahi kupata sauti ya Mama Byron ya sekunde kumi na tisa? Sekunde kumi na tisa mimi bado sijamaliza kuuliza habari ya kuku.

Hapo Amondi, yule anauza omena, akapaza sauti kutoka upande ule mwingine. Akasema ni kweli, huyu mama alipotangaza matanga ya shemeji yangu aliongea dakika sita, akasalimia hata wale wako Uganda, akamaliza bila kusema nani amekufa, na mimi nilipigiwa simu siku nzima nikiulizwa kama ni mimi.

Wakacheka, Mama Waweru. Watu hamsini. Mimi niko juu ya mtungi na wao wanacheka, na nikaona yule mwenye petroli naye anacheka, na mkono wake umeshuka. Nimeona vitu huku Langas lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama ule mkono ukishuka. Wakafunua ile mitungi mitano wenyewe. Maziwa. Kipyego kutoka pale chini akawaambia sasa wafunike, vumbi inaingia, na hapo wakacheka tena, lakini kidogo, na wakiangalia chini.

Hakuna aliyesema pole na mdomo. Lakini mmoja alienda akatafuta kile kiatu cha Chelimo kwa mtaro, akakipangusa na shati yake, akamletea na mikono miwili.

Byron alinieleza baadaye hiyo maneno yote. Ati kuna kompyuta siku hizi unailisha sauti ya mtu, inajifunza, halafu unaiandikia kitu chochote inasema na hiyo sauti. Haihitaji nyingi, na mimi nimemwaga yangu kila mahali miaka mingi kama mahindi ya kuku. Nani alifanya, mpaka leo hatujui. Nikamwambia Byron basi simu ni za shetani. Akaniambia ningoje. Kesho yake akanitumia picha kwa hiyo hiyo simu, karatasi ya hesabu ya kura ya kituo chetu, yenye iliwekwa mahali kila mtu anaweza kuangalia. Nikaibeba mpaka shule, maana karatasi yenyewe ilibandikwa kwa mlango wa darasa. Hesabu mimi nasoma, tarakimu hazijanishinda. Nikaweka kidole kwa simu na kidole kwa mlango, mstari kwa mstari. Sawa sawa. Mtu wetu alishindwa, lakini nilirudi nyumbani nimetulia, nikawaambia wateja nimeangalia mwenyewe na wao waende waangalie. Wengine walienda. Kwa hivyo simu nayo nimeishukuru, nusu.

Sasa nifike pale nilikuwa naogopa.

Siku ile ile ya kura, pikap ilipowaka, Chelimo alikuja akakaa kwangu kidogo akauke. Akina mama wa grupu walikuja wakanunua ile maziwa ilibaki yote, tukapika chai nzito. Nikamshukuru Chelimo kwa kuja kuniuliza, maana angeweza kwenda kwao akawaambia wa Ziwa kwamba Mama Byron amewachoma, na hiyo ingekuwa moto mwingine. Akakaa na kikombe. Halafu akasema mwaka ule mbaya wa fujo za kura, wao huko pia walipata meseji, na watu wa nyumba yao walitoka mbio nazo, na hakuna hata mmoja alienda kumuuliza yule ametajwa. Akasema kutoka siku hiyo alijiambia yeye, ikikuja tena, atauliza kwanza. Akamaliza chai, akaenda.

Mimi yangu niliimwaga nje.

Mama Waweru, kumbuka ile Jumatatu ya mwaka huo mbaya, kesho yake baada ya kura za rais kutangazwa. Wewe ulikuwa ndani unafua, nakumbuka kwa sababu nilipita nikakusalimia. Mimi nilikuwa kwa maji na ile simu yangu ya tochi, na kwa ile laini yetu ya nyumba ni mimi peke yangu nilikuwa na simu yenye chaji. Meseji ikaingia, namba siijui. Wanawake wakanizunguka niwasomee. Nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Ilisema kuna mwenye poshomili Langas ameficha silaha kwa magunia ya mahindi, tuma kwa watu kumi.

Poshomili, mashine za kusaga unga kama ile yenu, Langas zilikuwa nne ama tano. Mtu akaniuliza, ni ya nani? Na wote wakageuka wakaniangalia. Wewe unanijua. Mimi napenda kungojewa. Nikishika habari na watu wakiningojea hivyo, kuna kitu tamu inanipanda hapa kwa kifua. Na wiki ile nilikuwa nimeona lori inashusha magunia kwenu, yale Baba Waweru alinunua Ziwa kwa ajili ya Januari. Nikasema, si ni kwa Baba Waweru, magunia si tuliyaona?

Hivyo tu. Sikuwa na ubaya na nyinyi. Hatukuwa tumekosana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekopa chumvi kwako. Nilisema, nikachukua mtungi wangu wa maji nikaenda, na saa sita nikaona moshi.

Wewe miaka hii yote umejua aliyewataja ni Opondo. Kwa sababu alikuwa na poshomili ile ingine, umesema alitaka wateja. Ulikataa mkono wake kwa mazishi ya Baba Waweru, mbele ya watu. Opondo alihamia Munyaka, siku hizi haoni vizuri, na mpaka leo hajui alikukosea nini. Na mimi kila ulipomtaja nilikuwa naitikia. Sikusema ndiye. Sikusema siye. Nilikuwa naitikia tu.

Halafu ule upande mwingine, ule mnanishukuru. Ni kweli nilikimbia nikakuingiza kwangu na Waweru, mkakaa siku mbili nyuma ya magunia ya makaa, na nikawaambia wale waliokuja kwamba kwangu hakuna mtu, na wakanisadiki kwa sababu ni mimi niliyetoa habari. Hiyo sikuwahi kukuambia. Walisema huyu ni mama yetu, ndiye alituambia, wakapita. Nilikufunga kitenge changu, tukatembea mpaka showground, kule wakimbizi walikusanyika, umeshika mkono wangu na Waweru ameshika mwingine, na Baba Waweru alikuja na lori ya polisi na mikono imeungua kwa kujaribu kuokoa ile mota. Ile mikono haikushika kitu vizuri tena mpaka alipofariki. Nilipokuja mazishi yake mlinipatia maiki. Nikaongea, na watu wakalia, na ukanikumbatia.

Nimejiuliza kama niliwaficha kwa upendo ama kwa hofu ya kile nilichofanya. Vyote vilikuwa. Kipi kilikuwa kingi, sijui, na sitakudanganya.

Kwa hivyo siwezi kushika huyo mtoto kanisani na wewe hujui. Anaweza kuitwa jina la mtu mwenye makosa, wengi wanaitwa, lakini nyanya yake ajue ni makosa gani. Mkitaka kumbadilisha bado maji hayajamwagwa, mbadilishe, sitauliza. Na Opondo mimi nitamwendea mwenyewe. Nilitaka wewe ujue wa kwanza.

Ndio maana sikutuma sauti. Sauti yangu imeshatumiwa kusema nisichosema, na hii nataka ujue ni mimi nimeisema, na mkono wangu huu mbaya. Na kama bado una shaka, ndani ya pakiti ya majani chai nimekuwekea ile simu. Ya tochi, ile ile. Sijawahi kuiuza wala kupea mtoto. Kila mwaka mwezi wa kwanza naichaji, naangalia kama meseji bado iko, halafu naizima. Iko. Isome mwenyewe. Imetaja Langas, imetaja magunia, imesema tuma kwa watu kumi. Jina utalitafuta na hutaliona. Jina nilitia mimi.

Mwalimu Brigid anarudi shuleni Nyahururu, ameahidi atakupatia hii barua na pakiti mkono kwa mkono. Usinipigie. Usinitumie neno kwa simu, la heri ama la hasira. Jumapili hiyo nitapanda gari nije, nitasimama nje ya lango la kanisa, nimefunga ile leso yako ya kijani uliyoacha kwangu siku ile tulipobadilishana nguo. Ukija ukaniuliza chochote, nitakujibu. Ukinipita, nitajua, nitarudi Langas, na bado nitasema asante kwa viazi, kwa miaka kumi na nane ya viazi, na kwa kunipenda bila kuniuliza. Mimi sasa nimejua kuulizwa pia ni kupendwa.

Nilitaka kusalimia majirani wako mmoja mmoja, na Safari, na yule mwenye mbwa. Leo naacha. Nisalimie mtoto.

Ni mimi rafiki yako,
Kavetsa, Mama Byron

Chaja iko chini kabisa ya pakiti. Simu ni nzee, haiwaki haraka. Bonyeza kile kidude cha juu, halafu ungoje kidogo.